Vipindi vya Baba

Mwaka jana nilikwenda ofisi moja kule Buswelu kufuatilia karatasi za kiwanja. Karani aliyenihudumia, kijana mpole, aliinama kwenye kabati, akavuta jalada lililokuwa limelala humo miaka mingi, akalifungua mezani mbele yangu. Harufu ikanipanda puani kabla sijaona kilichoandikwa. Ilikuwa harufu ya karatasi za kudurufu za zamani, zile ngumu zenye rangi ya maziwa yaliyoanza kuchacha, na wino wa stensili. Karani akaniuliza jina la ukoo. Akaniuliza tena. Nilimsikia mara zote mbili, ila mimi sikuwa pale. Nilikuwa nyumbani kwetu Mkuyuni, mjini Mwanza, nina miaka kumi, nimeshika karatasi za namna ile kwa mikono miwili, na baba yangu amekaa kwenye kiti mbele yangu, ananisikiliza.

Baba alikuwa mwalimu wa fasihi ya Kiingereza katika shule moja ya sekondari pale mjini. Hata wakati ule ilikuwa kazi ya kuwaeleza watu mara mbili. Ukisema baba yako anafundisha hesabu, watu wanaitikia kwa kichwa kwa heshima. Ukisema anafundisha fasihi ya Kiingereza, wanakuuliza kama ni Kiingereza tu cha kawaida, nawe unaeleza kwamba ni hadithi na mashairi ya Waingereza tangu zamani, nao wanabadilisha mazungumzo. Alikuwa Mhaya wa Kagera, mtoto wa mkulima wa kahawa, aliyesomeshwa na mapadri. Alikuwa mrefu, mwembamba, shati lake limepigwa pasi hata siku za Jumamosi. Na alikuwa na sauti. Siyo ya kelele. Ilikuwa ya chini, nzito, inayotoka mbali, na Jumapili aliposoma somo kanisani watu wa viti vya nyuma hawakuhitaji kuinama mbele ili wasikie.

Mama alikuwa amefanya kazi kiwanda cha nguo mpaka kilipofungwa kikisubiri mnunuzi. Wenzangu wa rika langu mtaukumbuka wakati ule, jinsi viwanda vya umma vilivyofungwa kimoja baada ya kingine, huku maduka yakijaa vitu ambavyo hatukuwahi kuviona, na juu ya vichwa vyetu ndege kubwa zikipita kubeba minofu ya sangara kwenda Ulaya, sisi tukibaki kununua vichwa na mifupa. Mama alianza kuuza mitumba ya watoto soko la Mkuyuni. Alikuwa mcheshi kuliko baba, na alipenda kumtania. "Huyo Litricha wako," alikuwa akimwambia, "atakumaliza macho."

Nilipokuwa mdogo zaidi niliamini kwamba Litricha ni mwanamke. Nilidhani baba alimpenda kabla ya mama, na kwamba mama amesamehe lakini hajasahau. Siku moja nilifungua sanduku la bati la baba nitafute barua za mwanamke huyo, nikakuta karatasi tu zilizojaa Kiingereza. Baba alinikuta. Nilipomweleza ninachokitafuta alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaniambia kwamba ni kweli huyo Litricha ni mtu mzima sana, ana miaka zaidi ya elfu moja, na kazi yake yeye baba ni kuwaeleza watoto wa watu maisha yake yote tangu alipokuwa mchanga. Maelezo hayo hayakunisaidia. Nilibaki na yule mwanamke, sasa ni bibi kizee.

Karatasi zile zilikuwa kitabu alichokuwa akikiandika kwa ajili ya wanafunzi wake. Vitabu vya shule vilikuwa vimekwisha, vingine vimeibwa, vingine vimeliwa na mchwa, wala hapakuwa na dalili ya vipya. Kwa hiyo alikuwa ameamua kuandika mwenyewe historia nzima ya fasihi ile, kipindi kwa kipindi, tangu mwanzo mpaka siku zetu. Alichapa stensili kwa mashine ya taipu ya shule, akadurufu, akagawa. Sehemu zake aliziita vipindi, nami kwa kuwa shuleni kwetu kipindi ni dakika arobaini na kengele ikilia kimekwisha, sikuelewa kwa nini kipindi kimoja cha baba kilichukua miezi miwili.

Sauti yake ilianza kukwaruza wakati wa kiangazi. Tulidhani ni vumbi la chaki. Mama akamchemshia tangawizi, jirani akaleta asali, na baba akaendelea kufundisha kwa kunong'ona huku wanafunzi wamevuta madawati karibu. Alipoanza kukohoa damu alipelekwa hospitali kubwa ya kilimani. Alikaa huko wiki nyingi. Sikuruhusiwa kumwona. Siku aliyorudi alikuwa amefungwa kitambaa cheupe shingoni kama skafu, na mama akaniita chumbani, akakifungua polepole ili nisije nikashtuka siku nyingine. Kulikuwa na tundu kwenye koo, na ndani ya tundu bomba dogo la chuma. Hewa ilitoka hapo. Nilitazama, nikaambiwa niseme shikamoo, nikasema. Baba akafungua mdomo, midomo ikatengeneza neno marahaba, na hakuna kilichosikika isipokuwa pumzi iliyotoka mahali pengine kabisa.

Sikuogopa. Hilo ndilo ninalolikumbuka, kwamba sikuogopa wala sikusikitika. Kitu fulani ndani yangu kilikaa chini siku ile na hakikusimama tena.

Baada ya siku chache mkuu wa shule alikuja kumjulia hali. Alikuwa mtu mwema, alileta sukari na mkate. Alikaa sebuleni, akaeleza kwa upole kwamba baba apumzike, asiwe na wasiwasi wowote. Mwalimu mwingine hatapatikana, serikali ilikuwa imesitisha ajira. Tena mchepuo wa fasihi ungefungwa baada ya wanafunzi hawa saba wa kidato cha sita, kwa sababu wazazi wa siku hizi walitaka biashara na kompyuta, na chumba kingehitajika. Baba aliandika kitu kwenye daftari alilokuwa akilitumia kuongea, akamgeuzia. Mkuu wa shule alisoma, akakuna kidevu. Aliposoma kwa sauti nikajua alichoulizwa. "Na hawa saba?" Kisha akaongeza, "Hawa saba tutafanyaje, Mwalimu? Hata mimi sijui."

Wale saba walikuja wenyewe Jumamosi iliyofuata. Waliongozwa na Masalu na Sabina. Masalu alikuwa Msukuma wa upande wa Magu, mtu mzima tayari, ana ndevu, amechelewa shule kwa sababu ya kuchunga. Baba yake alikuwa ameuza ng'ombe wake karibu wote ili amfikishe kidato cha sita. Sabina alikuwa msichana wa Ukerewe, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Walisimama mlangoni na madaftari yao, na Masalu akasema kwa niaba ya wote kwamba hawakuja kumsumbua mwalimu, wamekuja kukaa tu naye, wasome wenyewe, na pale wanapokosea awaonyeshe kwa mkono.

Walijaribu. Walisoma kwa zamu zile karatasi, lakini kila mmoja alikuwa akisoma na kuandika kwa wakati mmoja, na zilikuwa nakala chache, na sehemu mpya baba alikuwa amekwisha kuziandika kwa mkono akiwa kitandani, nakala moja tu. Mambo yakavurugika. Baba akatazama huku na huku. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni, ninachambua mchele. Akanielekezea kidole, kisha akaandika kwenye daftari kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa ili nione vizuri: KOKU, NJOO USOME. WAO WAANDIKE.

Nilimwambia sijui Kiingereza. Nilikuwa darasa la nne, nilijua rangi na siku za wiki. Akaandika: UNAJUA HERUFI. INATOSHA.

Basi nikasoma. Nilisoma kila herufi kama inavyosomwa kwa Kiswahili, bila kuacha hata moja, na wale saba wakainamisha vichwa wajizuie kucheka. Nilipofika kwenye neno knight, lenye maana ya askari wa farasi, neno ambalo leo najua husomwa kwa mkato mfupi tu, mimi nilisema ki-ni-gi-hi-ti, na Masalu akashindwa kujizuia. Wote wakaangua kicheko. Mabega ya baba nayo yakatikisika, na bomba lake likapiga mluzi. Kisha akagonga meza ili wanyamaze, akaandika sentensi ndefu, akampa Sabina aisome. Sabina akasoma polepole: "Msimcheke. Zamani Waingereza wenyewe walitamka karibu herufi zote hizo. Koku anasoma kama watu wa miaka mia sita iliyopita. Ninyi ndio mnaosoma vibaya."

Tangu siku hiyo hawakunicheka. Tulipanga kwamba baba akigonga meza mara moja, nirudie neno. Akigonga mara mbili, nisimame, kuna swali. Walikuja mara tatu kwa wiki, alasiri, baada ya mimi kutoka shule. Wakati wanaondoka siku ile ya kwanza, baba alinizuia kwa mkono, akaandika tena kwenye daftari, akanipa nisome peke yangu. Aliandika hivi: WEWE NDIYE SAUTI YANGU SASA. ITUNZE.

Mtu mzima angeielewa kama baba anavyomsifu mtoto. Mimi nilikuwa na miaka kumi na niliielewa kama ilivyoandikwa. Nilielewa kwamba hospitalini wamemtoa sauti, na kwa njia ambayo wakubwa huwa hawaelezi, imewekwa kwangu. Nilijichunguza nikaona ni kweli, kwa sababu nilikuwa nasema maneno nisiyoyajua na watu wazima wanayaandika. Na kama ni yake, basi ni amana, itarudishwa akipona, na haitakiwi kupungua.

Nikaanza kuitunza. Niliacha kupiga kelele kwenye mchezo wa rede. Niliacha kuimba katika kwaya ya watoto, nikawa nafungua mdomo tu. Sikula tena barafu za kijiti zilizouzwa nje ya geti la shule, kwa sababu niliwahi kusikia zinaharibu koo. Darasani mwalimu akiuliza swali, nilinyamaza hata nikijua jibu, na fimbo zake nilizihesabu kuwa gharama ya kazi niliyopewa. Nilipigwa na sikulia, maana kulia nako kulitumia sauti. Mama alikuja kuitwa shuleni. Aliniuliza nina nini. Nilimjibu kwa kichwa. Alidhani naringa kwa sababu ya kusoma Kiingereza mbele ya watu wazima, akaniambia hivyo, nami nikamwacha aamini.

Alasiri zile zilikwenda kwa utaratibu wake. Mama akiwa sokoni, sebule ikiwa na harufu ya spiriti na pamba, wanafunzi wakiwa wamekaa kwenye mkeka, baba kwenye kiti chake cha mbao na mto mgongoni. Nilisoma nisichokielewa, na baba aliposimamisha wakajadiliana kwa Kiswahili na Kiingereza kilichochanganyika, hapo ndipo nilipookota vipande. Mwanzoni kabisa kulikuwa na nyimbo za mashujaa zilizoimbwa karibu na moto na watu ambao majina yao hayajulikani, mpaka watawa wakaja wakaziandika. Kisha wakaja wavamizi waliosema Kifaransa, wakakaa ikulu, na Kiingereza kikabaki lugha ya jikoni na ya zizini kwa miaka mingi. Masalu aliipenda sana sehemu hiyo. Aliniambia kwamba hata Kisukuma kinasubiri zamu yake.

Kulikuwa na mashine ya kuchapa, halafu majumba ya michezo yasiyo na paa, ambayo yalifungwa kila tauni ilipoingia mjini. Kulikuwa na mfalme aliyekatwa kichwa na wacha Mungu waliokuwa wameyafunga majumba hayo yote. Kulikuwa na nyumba za kahawa ambamo wanaume walikaa wakibishana na kuandika magazeti, na baba akaandika kwenye daftari kwamba babu yangu amelima kahawa maisha yake yote na hakuna aliyewahi kumwalika kuandika gazeti. Kulikuwa na wanawake walioandika riwaya wakayaficha majina yao. Na kulikuwa na washairi waliohama mji wakaishi kando ya ziwa, wakawa wanatembea milimani kutwa wakitazama maji na maua. Hao nilikuwa na hakika nawajua. Ziwa nililolijua mimi lilikuwa moja. Nilipopita kwenye mawe makubwa ya ufukweni nilitafuta mahali walipokaa, na sikumuuliza mtu, kwa kuwa nilikuwa natunza sauti.

Wakati huo mtaani yalianza maneno. Miaka ile kila aliyekonda alikuwa na ugonjwa mmoja tu. Wanafunzi wawili walizuiwa na wazazi wao kuja nyumbani kwetu, tukabaki na watano. Mama alisimama siku moja uani, akamwambia jirani yetu kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba mume wake ana saratani ya koo, na kama angekuwa na ule mwingine angesema hivyo hivyo. Jirani akaomba radhi. Wale wawili hawakurudi.

Baba aliendelea kuandika. Asubuhi aliandika, alasiri nilisoma. Mwandiko wake ulianza kuteremka kuelekea pembe ya chini ya karatasi. Tulifika kwenye kipindi cha yule malkia ambaye Wazungu walilibandika ziwa letu jina lake, kipindi cha riwaya nene zilizotoka vipande vipande magazetini, na baba akawaandikia kwamba baada ya hiki kimebaki kimoja tu, cha karne yetu. Nilihesabu. Kimoja tu, halafu namaliza, halafu namrudishia. Nilifurahi kwa namna ya mtu anayeona mwisho wa safari, lakini hata furaha ile ilikuwa mbali, kama ya mtoto wa nyumba nyingine.

Siku aliyokufa wanafunzi hawakuwepo, walikuwa na jaribio shuleni. Ilikuwa saa tisa alasiri. Aliniashiria nisome hata hivyo, nadhani alitaka kusikia kama kipindi kile kimekaa sawa. Nilisoma ukurasa wa kwanza, akagonga meza hapa na pale kunirekebisha. Nilisoma wa pili. Alifumba macho, jambo ambalo alilifanya mara nyingi. Katikati ya ukurasa wa tatu nikagundua kwamba kuna neno nimelikosea wazi wazi, na hajagonga. Nikalirudia kwa makosa yale yale. Kisha nikaanza kukosea kwa makusudi. Nilisoma ki-ni-gi-hi-ti mahali ambapo halikuandikwa. Nilisikiliza bomba. Hapakuwa na mluzi.

Nilisoma mpaka mwisho wa ukurasa. Kulikuwa na kurasa mbili zaidi, nikazisoma nazo. Sikujua kama inaruhusiwa kuacha.

Mama aliingia na furushi lake la nguo kichwani, nikiwa bado nasoma. Alitazama kiti, akalishusha furushi polepole sana, akaenda akamshika baba shingoni, juu ya kitambaa, na kwenye mkono. Hakupiga kelele. Aliniuliza, "Tangu saa ngapi, Koku?"

Nikamwambia, "Tangu ukurasa wa tatu."

Alinitazama. Nimeishi na mtazamo ule miaka yangu yote, na wakati ule sikujua unaniuliza nini.

Tulivuka ziwa kwa meli kumpeleka Kagera, akazikwa kwenye migomba ya baba yake. Watu walilia kama watu wanavyolia. Shangazi zangu walianguka chini, mama akashikwa na wanawake wanne. Mimi nilisimama karibu na kaburi nikiwa nimefunga mdomo kabisa. Nilikuwa na jambo moja tu kichwani, kwamba mwenye sauti anashushwa chini na sauti yake bado iko kwangu, na sijui sasa namkabidhi nani. Nikilia, nitalia kwa kutumia mali yake. Shangazi mkubwa alinifinya kwenye mkono, kwa nguvu, chini ya kanga, ili nilie mbele ya watu. Sikulia. Nilimsikia akimwambia mwenzake kwa Kihaya kwamba mtoto huyu ana moyo wa jiwe. Mama alikuwa karibu, naye alisikia. Hakunitetea.

Tuliporudi Mwanza, Masalu na Sabina walikuja kutoa pole na wale wengine watatu. Walikaa kwenye mkeka ule ule. Baada ya muda Sabina akauliza kama mwalimu aliacha chochote cha kipindi cha mwisho. Mama akaleta karatasi zote, wakazipekua, na hapakuwa na kitu isipokuwa kichwa cha habari kilichopigiwa mstari. Chini yake hakuna neno. Sabina akavua miwani, akaifuta. Akasema kwamba mwaka uliopita, mwalimu alipokuwa bado anaongea, aliwahi kuwaambia darasani kwamba kipindi cha mwisho ni chetu sisi, ni cha watu waliotawaliwa ambao nao walianza kuandika kwa lugha ile ile na kuwajibu wenye lugha hiyo. Aliwaambia watakifikia baadaye. Masalu alikumbuka kidogo, na mwingine kidogo. Walikaa mpaka jioni wakikusanya alichosema, wakikiandika chini ya kile kichwa cha habari. Kisha Masalu akaniomba niwasomee, ili wanakili wote kama zamani.

Nilitikisa kichwa. Akadhani nina uchungu, akasema basi mdogo wangu, pumzika. Alisoma yeye mwenyewe.

Walifanya mtihani wa taifa. Kati ya watano wanne walifaulu, na Sabina alifaulu vizuri sana, akaenda chuo kikuu, na leo ni mwalimu huko huko kwao kisiwani. Masalu ndiye ambaye hakupata. Alirudi Magu kwa ng'ombe wachache waliobaki, sikumwona tena. Mchepuo ulifungwa kama mkuu wa shule alivyosema, na darasa la baba likawekwa kompyuta nne zilizofunikwa vitambaa. Mimi niliendelea na shule nikiwa mtoto asiyeongea. Sikumbuki siku niliyoacha kuamini habari ya sauti. Haikuwa siku, iliisha yenyewe, lakini kufikia hapo nilikuwa nimezoea kunyamaza na watu walikuwa wamezoea kutoniuliza. Kiingereza kilinishinda. Nilichukua sayansi. Leo nakagua ubora katika kiwanda cha minofu, mahali penye baridi, ambapo wote tumevaa barakoa na mashine zinanguruma kiasi kwamba hakuna anayetegemea mazungumzo. Nimeolewa, nimezaa, nimezika ndugu wengine. Wanasema niko imara. Kwenye misiba mimi ndiye ninayepewa kusimamia chakula.

Siku ile ya Buswelu nilirudi nyumbani mapema. Mama anaishi kwangu sasa, miguu yake haimwezeshi sana. Nilimkuta uani amekaa kwenye kigoda, anamenya ndizi za mchana. Nilimsalimia, nikaketi kwenye kizingiti bila kuvua viatu. Nikamwambia kwamba nina jambo la zamani nataka kumweleza. Aliendelea kumenya. Nikamsimulia yote: daftari, neno lile aliloniandikia baba kwa herufi kubwa, rede, kwaya, barafu za kijiti, fimbo, kaburi. Ilinichukua muda, mimi si msemaji. Nilipofika kwenye shangazi aliyenifinya, mama aliacha kumenya, kisu kikabaki katikati ya ganda.

Akaniuliza, "Kwa hiyo ulikuwa unamtunzia?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi nilidhani humpendi." Alisema hivyo akitazama ndizi. "Nilikukuta unasoma na mwenzio amekwisha poa. Halafu makaburini ukakauka. Nikasema moyoni, huyu mtoto Mungu amenipa wa namna gani. Nimekaa na hilo, Koku. Nimekulea na hilo. Nilimwambia hata padri."

Nilikuwa najua. Sikuwa najua kwamba najua, mpaka aliposema. Nilikumbuka jinsi alivyokuwa akiwakumbatia binamu zangu wadogo na kunipa mimi mkono. Nilimwambia hakuna neno.

"Liko neno," akasema. Kisha, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akaniambia, "Basi lia sasa, mwanangu. Hakuna anayekudai."

Nilijaribu. Nawaambia kweli, nilikaa pale kwenye kizingiti nikajaribu kwa nia njema, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Nilimfikiria baba. Nilifikiria migomba na meli. Macho yalibaki makavu. Mama alinisubiri, akanitazama usoni muda mrefu, na alipoona hakuna kinachokuja, akaanza kulia yeye, taratibu, bila kujifunika, kisu bado kikiwa mkononi. Nilisogea karibu, nikamtoa kisu vidoleni, nikavuta sufuria upande wangu, nikamalizia kumenya ndizi zilizobaki.